Picha ya Nasma Iliyobaki Kwenye Kioo

Lugufu, 4 Mei 2002

Mwamini dada yangu, Mama Nasma,

Mwakeye, habari za huko Ujiji? Mimi ni mzima. Kazi ni ileile, kukaa na daftari hapa kambini na kuandika majina ya wakimbizi wanaotafuta ndugu zao, na vumbi ni lilelile. Jumapili nikienda nyumbani Mwandiga naoga mara mbili na bado maji yanatoka mekundu.

Nina habari. Kutakuwa na mkutano wa kompyuta na mtandao Kigoma mjini, tarehe 15 na 16 mwezi huu. Wataalamu watatoka Dar es Salaam. Wametaka na akina mama wenye vikundi, wafundishwe namna ya kuonyesha bidhaa zao huko mtandaoni, watu wa mbali wazione. Nimeandika jina lako, mwenyekiti wa kikundi cha sabuni. Usinikatalie, tutakaa kiti kwa kiti.

Njoo na miche miwili mitatu ya sabuni. Na ile picha ya Nasma ya Idd uje nayo, nataka kuona alivyokua.

Wako,
Rozalia


Kasingirima, Ujiji, 9 Mei 2002

Shoga yangu Rozalia,

Salaam nyingi. Barua nimeipata kwa Bonifasi, dereva wa lori la shirika lenu. Bahasha ina alama za vidole vyake vya grisi mpaka nikadhani imetoka kufungia vipuri.

Mwenzangu, naogopa. Mimi wa darasa la saba la zamani nikakae na wataalamu? Nikiulizwa kitu nitajibu nini, habari za mawese na magadi? Nimemuuliza Shehe Abdulkarimu kama inafaa. Kasema elimu haina ubaya ilimradi swala isinipite. Basi nitakuja, ila usiniache peke yangu hata nikienda kunawa.

Nasma hajambo. Yuko darasa la kwanza, anaandika jina lake mpaka ukutani kwa mkaa. Anasema nimletee kompyuta moja, ndogo tu. Picha nitakuja nayo.

Mama Nasma


Kasingirima, Ujiji, 20 Mei 2002

Shoga yangu Rozalia,

Tangu nimerudi mkutanoni sijatulia kwa furaha. Majirani wananiita Mama Mtandao. Nimewasimulia jenereta lilivyozima mara tatu na yule mtaalamu mwenye tai akatoa jasho kama mpika sabuni. Nimewasimulia ile mashine yenye kioo, unalaza picha kifudifudi, inapita taa chini yake kama mtu anayetafuta sindano, halafu picha inajitokeza kwenye televisheni ya kompyuta. Nilipoona sabuni yangu imetokea pale, rangi yake ileile ya njano, nilishika mkono wako nikakuumiza. Unisamehe.

Na uliponiambia, "Toa ya Nasma nayo waijaribu," nikaitoa. Moyo ulinipiga kidogo, nakwambia kweli. Unajua kwa nini. Lakini alipotokea mkubwa vile, na gauni lake la Idd na lile kovu dogo juu ya nyusi, watu wote ukumbini wakasema mashaallah, nikajisahau.

Hata hivyo kabla ya kwenda kuswali adhuhuri niliinyanyua mwenyewe kutoka kwenye kioo nikaitia mkobani. Sikutaka ibaki huko mtandaoni. Ya sabuni iendelee kukaa, lakini ya mtoto nimeitoa. Niko na amani.

Ulikuwa kimya sana ile siku ya pili baada ya swala. Nikadhani ni ule wali wao. Upone.

Mama Nasma


Kasingirima, Ujiji, 3 Juni 2002

Rozalia,

Ukimaliza kusoma barua hii ichane.

Jana nilikwenda mjini kwenye kile chumba cha kompyuta karibu na stesheni, nikaangalie kama kuna mtu ameulizia sabuni. Yuko binti anaitwa Scola, mpole, ana subira. Akabonyeza, tukangoja mpaka nikamaliza kuvuta uradi, sabuni ikatokea. Kisha akasema, "Mama, na huyu mtoto je? Yuko ukurasa mwingine wa mkutano huohuo."

Alikuwa Nasma.

Nikamwambia haiwezekani, picha niliitoa. Nikafungua mkoba nikamwonyesha, hii hapa. Scola akacheka, halafu akaona uso wangu akaacha. Akanieleza taratibu kwamba ile ya mkobani ni karatasi tu, kioo kilishachukua chake. Akasema hata mtu wa Kanada sasa hivi anaweza kuwa anamtazama. Nikaomba maji, akaniletea.

Hilo si kubwa. Chini yake kuna maandishi. Nilimwomba anisomee mara mbili. Yanasema: Mtoto huyu alipokewa na mama mmoja ufukweni Kibirizi, Novemba 1996, akiwa na miezi kama kumi. Anayemjua aandike.

Rozalia, duniani ni wewe tu unayejua. Kasingirima nzima wanajua ni mtoto wa marehemu kaka yangu aliyekuwa Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Hata Abdulatif, ndugu yangu wa tumbo moja, anajua hivyo. Nimekaa nimefikiri. Tulipokuwa tunakula, siku ya kwanza, tulizungumza habari za Nasma tukiwa tumeegemea meza ya ile mashine. Unakumbuka? Nilisema "tangu nilipompokea Kibirizi." Nadhani ilisikia. Kama kioo kinachukua sura bila ruhusa, sauti kitashindwa? Hatukuwa waangalifu.

Niulizie kwa wataalamu wenu inafutwaje. Serikali imeshasema mkimbizi akae kambini. Wakimjua watampandisha gari na gauni lake la shule. Akichelewa kutoka shule natoka mpaka barabarani bila viatu.

Fanya haraka, shoga yangu. Ni wewe ninayekutegemea.

Mama Nasma


Lugufu, 6 Juni 2002

Mama Nasma,

Barua yako nimeisoma na nimeichana. Tulia. Nitauliza. Kufuta si jambo la siku moja, yule mtaalamu amerudi Dar es Salaam na simu hapa ni shida.

Usimwambie mtu. Usiende tena kwa Scola.

Mashine haisikii, dada. Lakini tuyaache hayo kwanza.

Ninakuombea rozari kila siku. Nawe niombee, nina mzigo.

Rozalia


Kasingirima, 12 Juni 2002

Rozalia,

Wamekuja.

Jumatatu, saa nne asubuhi, gari jeupe lilisimama pale kwa muuza mkaa. Akashuka mwanamume na faili, akauliza, "Kwa mama wa sabuni ni wapi, yule mwenye alama ya kuungua mkononi?" Pale alikuwapo Regina, jirani yangu. Regina akamjibu, "Hapa kila mwanamke anapika sabuni na kila mmoja ameungua, unamtaka yupi?" Mungu amlipe. Yule mtu akacheka, akasema atarudi.

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nimeushika kwa mkono wangu, kana kwamba mkono wangu unazuia serikali. Sufuria ya mawese iliungulia jikoni, niliisikia harufu nikashindwa kwenda.

Saa saba Nasma alipotoka shule sikumleta nyumbani. Nimempeleka Rusimbi kwa Abdulatif. Nimedanganya kwamba nina homa ya kuambukiza. Abdulatif kanitazama, akasema, "Dada, homa gani hii inayokufanya utembee kasi hivi?" Nasma alilia akitaka daftari lake. Nilimwambia nitamletea, mpaka leo naogopa kulipeleka, nisifuatwe.

Nyumba ni kimya. Naswali najikuta nimesahau rakaa ya ngapi, naanza upya.

Je, umeuliza? Wanawezaje kujua alama ya mkono wangu? Picha ilikuwa ya Nasma, mkono wangu haumo. Hilo ndilo linanitisha kuliko yote. Mtandao hauna macho ya kuniona nikiwa jikoni. Au unayo?

Nijibu kwa Bonifasi huyuhuyu, anarudi Ijumaa.

Mwamini


Lugufu, 15 Juni 2002

Dada yangu Mwamini,

Kaa chini usome.

Mtu wa gari jeupe anaitwa Anatoli, tunafanya naye kazi ofisi moja. Si polisi. Nilimzuia asije, akaja kwa sababu ndiyo kazi yake.

Maandishi niliyaandika mimi. Ulipokwenda kuswali adhuhuri, picha umeshaitia mkobani, yule mtaalamu akaniuliza, "Na huyu mtoto tumweke wapi?" Nikamwambia uko ukurasa wa watoto waliopotezana na wazazi, shirika letu linautumia, mweke huko. Nikakaa nikaandika. Uliporudi uso wako umelowa maji ya udhu, umefurahi, nikashindwa kukutazama. Haukuwa wali.

Sasa sikiliza kwa nini. Kuna mama hapa kambini, anaitwa Eufrasia, mtu wa Baraka, ng'ambo. Ofisi yetu huchapa picha za watoto kutoka mtandaoni na kuzibandika ubaoni, siku za kugawa unga. Wenzake wanakimbilia foleni, yeye anakwenda kwanza ubaoni. Miaka mitano. Ametazama kila uso, anatikisa kichwa, ndipo anachukua ndoo. Mwaka huu Februari alinisimulia kwa mara ya kwanza yote. Kwamba alimpa mtoto mama mmoja aliyekuwa anagawa uji Kibirizi, mama ananukia mawese, mkono wa kushoto ana baka la kuungua, akamwambia, "Nishikie."

Nilikuwa nimeshika kalamu nikaiweka chini. Nani mwingine, dada?

Toka Februari mpaka Mei nimelala na siri mbili, yako na yake. Nikimwambia yeye, nimekuua wewe. Nikikwambia wewe, najua ungemhamisha Nasma. Mimi ni mwoga. Nikaona niiachie mashine iseme, ili isiwe ni mimi niliyesema. Ndiyo sababu nilikuandikia uje na picha. Mkutano ulikuwa wa kweli, nafasi ilikuwa ya kweli, lakini nia yangu ilikuwa hiyo.

Picha ilibandikwa ubaoni tarehe 30 Mei. Imetoka Ujiji imezunguka nchi za watu imekuja hapa, mwendo wa lori wa asubuhi moja. Eufrasia aliifikia, hakutikisa kichwa. Aliketi chini kwenye vumbi. Akasema, "Huu ni uso wa mama yangu."

Nami ndiye niliyempa Anatoli habari ya alama ya mkono, kabla sijajua la kufanya.

Tukana, una haki. Lakini nijibu.

Rozalia


Lugufu, 22 Juni 2002

Dada,

Bonifasi anasema alikukabidhi mkononi. Wiki imepita. Nimesimama getini mara mbili lori likirudi.

Neno moja tu.

Rozalia


Kasingirima, 27 Juni 2002

Rozalia,

Nilianza kukuandikia matusi, karatasi tatu. Nimezichoma chini ya sufuria. Nilikuwa nimekupa siri yangu kama mtu anavyompa mwenzake mtoto amshikie, ukaiuza. Hilo nimelisema, limekwisha.

Nilikwenda kwa Shehe Abdulkarimu nikamweleza, sikubakisha ila kitu kimoja. Akaniuliza, "Ulimnyonyesha?" Nikasema ndiyo, mwanangu mchanga Safina alikuwa amezikwa siku tisa kabla na maziwa yalikuwa yanatoka bila kuitwa. Akasema huyo ni mwanao wa kunyonya, hilo hakuna wa kulivua, hata mama yake mzazi. Lakini jina la baba yake si lako kulichukua, umemwita binti wa kaka yako na si wa kaka yako, hilo lirudishe. Nilitoka pale nusu nimepona nusu nimekufa.

Sasa kile kitu kimoja. Hata wewe sikukwambia, miaka yote hii.

Nilikuambia kwamba yule mama aliniwekea mtoto mapajani, akarudi kwenye mashua, nikangoja mpaka alasiri hakuonekana, nikadhani ziwa limemchukua. Si kweli. Alionekana. Malori yalikuwa yanapakia watu, askari wanahimiza, makelele. Nikasikia mtu anaita, "Mama wa uji! Mama wa uji!" Nikageuka nikamwona juu ya lori, mkono umeinuliwa, anatafuta kwa macho. Nilikuwa kwenye vichanja vya kuanikia dagaa. Ningeweza kuinua mkono tu. Mtoto alikuwa ameshashika titi langu, Rozalia. Nilitoa kanga ya juu nikamfunika kichwa mpaka miguu, nikageuka upande wa pili, nikakaa hivyo mpaka lori likaondoka.

Miaka sita naswali na swala yangu naiona inarudi. Kila lori jeupe nadhani linamleta yeye. Serikali naiogopa, ndiyo, lakini ninayemwogopa hasa ni yeye. Akinitazama atanijua. Atajua kwamba nilimsikia.

Sasa unaniambia amekuwa akitazama ubao miaka mitano, na mimi nipo saa chache tu kwa gari.

Mwulize anataka nini. Nitafanya. Akisema nimlete nitamleta, ijapokuwa sijui nitarudije na mikono mitupu. Nasma bado yuko Rusimbi. Anamuuliza Abdulatif homa yangu itaisha lini.

Mwamini


Lugufu, 1 Julai 2002

Dada Mwamini,

Nimemsomea Eufrasia swali lako tu. Ile habari ya kichanja cha dagaa sikumwambia. Baada ya hapo akanisemea barua hii. Nimeiandika kama alivyosema, sikunyoosha maneno. Nilipofika katikati ilibidi nisimame kidogo. Utaona mwenyewe kwa nini, nami sitakwambia la kufanya, nimeshafanya ya kutosha.

Rozalia

*

Kwa Mama Nasma,

Miye ni Eufrasia, muntu wa Baraka. Rozalia anaandika, miye ninasema.

Ile siku nilirudi kwa mashua kutafuta mutoto wangu mukubwa. Sikumupata, maji ilimubeba. Wakati nilitoka, maaskari walitupandisha kwa lori. Nikasema niko na mutoto kule, hakuna mwenye alisikia. Nikaita. Jina yako sikujua, nikaita mama wa uji.

Kisha nikakuona, kule walikuwa wanaanika dagaa. Nikaona unatoa kanga yako, unamufunika mutoto kichwa mpaka miguu, unamugeuza kwa upande hakuna upepo. Hukunisikia, makelele ilikuwa mingi. Nikasema, ule mama ameona upepo. Muntu mwenye anaona upepo juu ya mutoto si wake, hawezi kumutupa.

Mama, hiyo tu njo ilinifanya nilale hii miaka yote. Wenzangu wanaota watoto wao ndani ya maji. Miye naota wangu ndani ya kanga.

Nilimuita Furaha. Lakini Rozalia anasema anaitika Nasma, basi sitamuita ingine mbele yake mpaka azoee uso wangu. Sijui tutafanya nini, miye na wewe. Wamenipatia karatasi ya ruhusa, nitakuja Jumamosi, na ile gari ya Anatoli. Nataka kwanza nimuone anavyokula.

Rozalia anasema unaogopa. Miye pia. Ninaogopa ataniangalia kama muntu wa kupita njia.

Asante kwa kanga.

Eufrasia


Kasingirima, Ujiji, 4 Julai 2002

Rozalia,

Nimesoma. Nimesoma tena nikiwa nimesimama, nikasoma na miwani ya Regina.

Hakukuwa na upepo. Unajua Kibirizi siku ziwa likitulia, lilikuwa limelala kama mafuta kwenye sufuria. Moshi wa majiko ulipanda wima. Yeye alikuwa mbali, juu ya lori, hakuweza kujua. Mimi najua.

Shetani kaniambia, nyamaza, mwenzio analala kwa hilo, kwa nini umnyang'anye usingizi? Nimekaa na neno hilo tangu juzi. Ni tamu sana. Kwa utamu wake ndio nimelitambua.

Basi usimwambie. Nitamwambia mimi. Nasma nimemrudisha kutoka Rusimbi, nimemwambia tuna mgeni, mtu aliyemjua alipokuwa hajui kutembea. Kauliza kama mgeni anakula samaki wa migebuka. Nitapika migebuka na ugali wa muhogo, lakini nitamwambia kabla hajanawa mikono. Akishakula kwangu nitakuwa nimemfunga mdomo, hataweza kunilaani vizuri. Nataka awe na nafasi yake yote. Akitaka kuondoka naye saa hiyohiyo, gauni la Idd na daftari viko kwenye mfuko, nimevikunja.

Njoo nawe. Nilisema usiniache peke yangu hata nikienda kunawa, nakumbuka. Sijakusamehe bado, lakini kaa upande wangu wa kushoto, kwenye mkono wenye baka, niwe na kitu cha kushika.

Nimeipasi ile kanga. Ninayo bado. Nimeiunguza pindo.

Nilitaka kusaini Mama Nasma kama zamani, kalamu ikasita.

Mwamini binti Saad